Chakula cha Semeni

Kalenga, 14 Mei 2023

Mdogo wangu Eveline,

Kamwene. Naamini barua hii inawakuta wazima, wewe na shemeji Asukile na wale wajukuu wasiotulia. Huku tupo. Mahindi yamekaukia shambani vizuri, nasubiri kuvuna tu. Mto umeshaanza kupungua. Silvester jirani ng'ombe wake amezaa ndama jike, anatembea kijijini kama amezaa yeye. Anakusalimia.

Usinipigie simu. Najua umepiga. Simu nimeizima tangu wiki ya mazishi, iko juu ya kabati, kwa sababu kila anayepiga anasema pole, na hizo pole zimenichosha. Ukiwa na neno, andika, umpe Gerson wa basi. Ataacha dukani pale Ipogolo, nami nikienda mjini nitachukua.

Sasa jambo lenyewe. Mbwa hali. Namsema Semeni, mbwa wa marehemu mke wangu. Tangu Esta aondoke nampikia mwenyewe, na wewe unajua mimi jikoni nilikuwa naingia kuomba kaa la moto tu. Nasonga ugali. Nachemsha utumbo, nakaanga na vitunguu vizuri vyekundu alivyoniletea mtu kutoka Ruaha Mbuyuni. Naweka kwenye bakuli lake. Ananusa, anakaa, hagusi. Kinachomweka hai ni panya wa ghalani na maziwa anayolambalamba kwa Silvester. Amezeeka, hawezi kwenda mbali kutafuta. Mbavu zinaonekana zote.

Wewe ulikaa hapa Krismasi ya mwaka juzi, mkawa jikoni pamoja na wifi yako. Alikuwa anampikiaje? Niandikie kila kitu.

Kuja usije. Njia ni ndefu na baridi imeanza.

Ni mimi kaka yako,
Didas


Uyole, Mbeya, 2 Juni 2023

Kaka Didas,

Shikamoo. Barua yako imenifikia ikiwa na alama ya mafuta, nadhani Gerson aliifungia maandazi. Sisi ni wazima kiasi. Shemeji yako mgongo unamsumbua tangu tuchimbe viazi, analala chini kwenye mkeka na kuamrisha watu. Happy, mke wa Lusekelo wetu, ana mimba nyingine. Asubuhi huku nyasi zinakuwa nyeupe kwa baridi, tunawasha jiko ndani hata mchana.

Mtu amezima simu, halafu ananiuliza mapishi ya mbwa kwa barua, kama zamani tulivyokuwa tunasubiri barua za baba kutoka mashamba ya mkonge. Haya, nimekubali. Lakini vitunguu, kaka, ndiyo nini? Kitunguu ni sumu kwa mbwa, kibichi au kilichoiva, kinamkausha damu taratibu. Bahati yako hakula. Wape watu wa Ruaha Mbuyuni salamu, lakini vitunguu vyao uvile wewe.

Sasa sikiliza. Unachukua chenga za mchele. Esta alikuwa anapata gunia kwa mtu wa Ubaruku, angalia nyuma ya mlango wa stoo, lazima zimebaki. Unazichemsha kwa maji mengi mpaka zivurugike. Boga unamenya, unakata vipande, unatia humo humo. Majani ya maboga kidogo, yaliyokatwa madogo sana. Dagaa wa Nyasa unawaosha kwanza mara mbili, wale wana mchanga. Ukipata ini au bandama, chemsha pembeni, katakata, changanya mwishoni. Chumvi hapana. Mafuta hapana. Mifupa ya kuku usithubutu, inavunjika kama sindano na kumchoma matumboni. Halafu unapoza. Wifi alikuwa anachovya kidole cha mwisho kupima joto, vile mtu anavyopima uji wa mtoto.

Na sufuria ni ile ile ya nyumbani. Hakuwa na sufuria ya mbwa.

Sasa na mimi nina swali. Umeniandikia mbwa hali. Wewe unakula nini? Nijibu hilo kwanza kabla ya habari za ndama wa Silvester.

Nataka kuja. Nasema tu, ujue.

Mdogo wako,
Eveline


Kalenga, 19 Juni 2023

Eveline,

Salamu kwa shemeji. Mwambie apakwe mafuta ya nyonyo ya moto, mgongo utatulia. Nimefurahi kwa habari ya Happy. Tumevuna. Magunia yako ndani, sijayahesabu wala sina haja. Ijumaa vijana wa jumuiya walikuja kunisaidia kupukuchua, nikawashukuru, wakaenda.

Chenga nilizikuta pale pale ulipotaja. Nikapika kama ulivyoandika, boga, majani, dagaa, ini nikanunua. Nikachovya kidole. Jikoni kukanukia kama yeye yupo, ikanibidi nitoke nje nikasimame kidogo kwenye ua.

Nikamwekea. Alikuja kwa haraka, mkia unapiga mlango, nikasema leo amekubali. Akakaa mbele ya bakuli. Udelele unamdondoka, kwa hiyo njaa anayo. Lakini hakuinamisha kichwa. Akanyanyua macho, akawa ananitazama. Si usoni, ananitazama mdomoni. Nikamwambia kula. Nikamsogezea bakuli. Nikamtia mkononi. Anageuza shingo, halafu anarudi kunitazama mdomoni. Tulikaa hivyo mpaka chakula kikapoa. Jana hivyo hivyo. Leo hivyo hivyo.

Umeandika habari ya sufuria ya nyumbani. Nimeisoma mara nyingi sentensi ile. Unajua mengi sana kuhusu sufuria ile, kwa mtu aliyesimama kwenye kikao cha ukoo akasema kaka yake analishwa chungu kimoja na mbwa kwa kuwa mwanamke hakumzalia wa kumlisha. Esta alikuwa anateka maji nyuma ya ukuta. Alisikia. Yule mbwa alikuwa mdogo, hana hata jina. Jioni ile ndiyo alipomwita Semeni. Semeni mpaka mchoke.

Ndiyo maana nimesema usije. Hukuuliza sababu, lakini nimeitaja.

Didas


Uyole, 5 Julai 2023

Kaka,

Shikamoo. Mafuta ya nyonyo yamemsaidia shemeji yako, ameanza kulalamika akiwa amesimama. Bei ya viazi imeanguka, tumeviacha kwenye mashimo. Mjukuu mkubwa ameng'oka meno mawili ya mbele, anaongea kwa kupuliza.

Barua yako niliisoma nikiwa kwenye foleni ya mashine ya kusaga, nikatoka kwenye foleni. Kuhusu kikao sijibu. Ulichokisikia nilikisema. Basi.

Nakuambia kitu kingine. Najua kila kilichoingia kwenye sufuria ile kwa sababu nilikuwa natafuta la kwenda kusema. Krismasi ile nzima nilikaa kwenye kigoda jikoni kwenu, namenya vitunguu na macho yangu yako kwa Esta. Kwa hiyo uliponiandikia kwamba anakutazama mdomoni, nilikumbuka palepale.

Kaka, yule mbwa anasubiri sala.

Esta alikuwa hagusi chakula bila kusali, na sahani ya mbwa aliiweka chini kabla ya sala, pamoja na zetu za mezani. Mbwa alikuwa anakaa. Anamtazama Esta mdomoni mpaka aseme Amina, ndipo anainama. Mimi nilicheka siku ile, nikasema jamani, katika nyumba hii hadi mbwa Mkatoliki. Wewe ulicheka pia. Umesahau?

Amelelewa hivyo tangu mdogo. Hawezi kula bila Amina, kama wewe usivyoweza kuvaa kofia kanisani. Wewe husali mezani siku hizi? Au huketi mezani kabisa? Nilikuuliza unakula nini, ukaniambia magunia yako ndani.

Mwekee chakula, sema Amina, atakula. Ni neno moja. Andika haraka unieleze.

Eveline


Kalenga, 16 Julai 2023

Mdogo wangu,

Salamu kwa wote, na kwa huyo wa meno. Huku baridi ni kali, upepo unatoka milimani usiku kucha. Silvester amenipa maziwa, nayampa mbwa kwenye kiganja, maziwa anakubali kwa sababu hayakuwa chakula cha mezani. Nimesoma barua yako, na umesema kweli. Nilikuwa nimesahau kwa sababu jambo la kila siku halikumbukwi.

Lakini Amina siwezi kuisema. Ngoja nikueleze, kwa sababu nimechoka kulibeba peke yangu.

Siku ya mazishi ilisomwa historia ya marehemu, wewe ulikuwepo, ikasomwa kwamba alifariki usingizini. Ni mimi niliyesema iandikwe hivyo. Haikuwa hivyo. Ilikuwa mchana, tumekaa mezani. Alikuwa ameshindwa kula siku nyingi, siku ile akasema leo nina hamu, akapika, akapakua, akaweka na bakuli chini. Akaanza kusali. Ile sala yake mwenyewe unayoijua, haikuwa ya kitabu. Baba, asante kwa chakula na kwa mikono iliyolima. Asante kwa Didas, umemweka hapa mpaka leo. Uwakumbuke wasio na. Akaishia hapo. Uwakumbuke wasio na. Nilikuwa nimefumba macho, nikadhani anavuta pumzi. Nikasubiri. Nilipofumbua, kichwa chake kilikuwa mezani, pembeni ya sahani.

Mbwa alikuwa amekaa. Watu wakajaa, wakalia, wakambeba, wakarudi, na yule mbwa alikuwa bado amekaa mbele ya bakuli. Nadhani mtu alilipiga teke bakuli likamwagika. Kwa hiyo yeye bado anasubiri ile ya siku ile, Eveline, na mimi pia.

Unasema ni neno moja. Sala haijaisha. Nikisema Amina katikati nitakuwa nimemfungia mlango akiwa bado anaongea. Na kuimalizia sijui. Hii ndiyo aibu yangu. Miaka yote ile nilikuwa nafumba macho, naitikia Amina, mawazo yako shambani. Baada ya wasio na, sijui anasemaje. Wasio na nini? Nimekaa na swali hilo tangu Aprili. Meza nimeigeuzia ukutani. Nakula nimesimama, hindi la kuchoma, ndizi, chochote kisichohitaji kuketi. Uliuliza, nimekujibu.

Wewe ulikuwa unasikiliza. Umesema mwenyewe ulikuwa unatafuta la kusema. Niandikie maneno yanayofuata mpaka mwisho. Usiruke hata moja. Mbwa amedhoofika, siku hizi anakuja kwenye bakuli kwa kuburuta miguu ya nyuma. Fanya haraka, tafadhali.

Kaka yako,
Didas


Kalenga, 6 Agosti 2023

Eveline,

Mko wazima? Nimekwenda Ipogolo leo na Alhamisi iliyopita. Mwenye duka anasema Gerson amepita mara kadhaa, hana kitu changu. Barua yangu ya Julai uliipata? Gerson anaapa alikukabidhi mkononi.

Semeni hasimami tena vizuri. Nambeba mpaka kwenye bakuli. Nikimweka anajitahidi kukaa, anateleza, anakaa tena, anatazama.

Kama umesahau maneno, niambie umesahau. Nitaelewa. Ila usininyamazie.

Didas


Uyole, 28 Agosti 2023

Kaka yangu,

Shikamoo. Leo sina habari za nyumbani. Wote wapo.

Barua zote mbili nilizipata. Sikusahau. Ya Julai niliijibu siku ileile, nikaichana. Nikaandika nyingine kwamba nimesahau, nikaipeleka mpaka stendi, nikamwona Gerson anapakia magunia juu ya basi, nikageuka nayo. Nimekuwa naamka, napika, naangalia watoto, na kila nikiweka sahani mezani nasikia sauti ya wifi. Shemeji yako ananiuliza, mama, unaumwa? Namwambia ni baridi.

Nilitaka kukuandikia maneno mengine ya kufanana. Kuruka sehemu moja tu. Mbwa asingejua na wewe usingejua. Halafu nikaona nitakuwa nimemtia Esta maneno mdomoni hata akiwa kaburini, na hayo niliyofanya akiwa hai yanatosha.

Kwa hiyo haya hapa, yote, kama nilivyoyasikia kila siku Krismasi ile nikiwa nimekaa upande wa pili wa meza yenu:

Baba, asante kwa chakula na kwa mikono iliyolima. Asante kwa Didas, umemweka hapa mpaka leo. Uwakumbuke wasio na chakula, na wasio na mtu wa kula naye. Na wanaotusema, uwashibishe, wasilale na njaa wala na hasira. Na huyu Semeni umlinde. Amina.

Hayo ndiyo. Alipofika kwenye wanaotusema, hakunitazama. Sauti yake haikupanda wala kushuka, alipita hapo kama anavyopita kwenye neno chakula. Nilimchukia kwa hilo. Nilirudi Mbeya nikasema wifi yangu ni mnafiki, ananisema kwa Mungu mezani pake. Nimelisema hilo kwa watu, kaka, nimelisema hata kanisani kwetu. Sasa naliandika na hapa.

Nimempa Gerson leo leo, nimemwambia asiache dukani, atafute bodaboda ije mpaka Kalenga.

Eveline


Kalenga, 29 Agosti 2023

Mdogo wangu Eveline,

Kamwene. Salamu kwa shemeji, kwa Lusekelo, kwa Happy na mzigo wake. Bodaboda ameleta barua yako leo Jumanne saa za mchana.

Semeni nimemzika Jumapili. Aliondoka asubuhi nikiwa nachota maji. Nilikuwa nimemwacha karibu na jiko, nilipomfunika gunia alikuwa bado na joto. Nimemzika nyuma ya ghala, Silvester amenisaidia kuchimba kwa kuwa ardhi imekauka. Hakuuliza kwa nini namzika mbwa kwa jembe na shuka.

Kama ungeandika Julai, angekula. Nakuambia bila hasira, lakini nakuambia, kwa sababu tukinyamaziana na hili tutaharibika wote wawili. Na mimi ningeweza kusema Amina ile nikanyamaza, mbwa akaishi. Sikusema. Kwa hiyo tumegawana.

Bodaboda alipofika nilikuwa jikoni. Nilikuwa nimepika tena, chenga na boga na dagaa, mkono umezoea, sufuria imejaa na hakuna wa kula. Nikaisoma barua yako nimesimama. Halafu nikaivuta meza kutoka ukutani. Nikapakua sahani moja. Nikaketi upande wangu, nikaiweka barua yako wazi mezani, maana sikuiamini kumbukumbu yangu, nikasoma kwa sauti tangu mwanzo.

Pale pa wasio na mtu wa kula naye sauti ikanikatika. Nililia, Eveline. Sijalia vile siku ya mazishi. Miaka yote alikuwa anawaombea watu hao nami sijui kama wapo. Nikangoja mpaka nikaweza, nikaendelea. Nikafika kwenye wanaotusema.

Hakuwa anakusema kwa Mungu. Ulikosea kusikia. Mtu anayesema hurudia ubaya, naye hakutaja ubaya wowote; sala ile aliianza jioni ya kikao, hilo nalikumbuka, na haikukoma hata siku ulizokuwa Mbeya huna habari naye. Kila mchana na kila jioni alikuwa anaomba ushibe. Ulikuwa unakula viazi vyako huko Uyole, na mwanamke uliyemtukana anaomba vikutoshe, na mume wake amefumba macho anawaza mbolea.

Pa Semeni nilipasoma pia, ingawa amekwisha kufa. Nikasema Amina kwa sauti. Nikala mpaka sahani ikaisha, chakula cha mbwa, nimeketi.

Simu nimeiwasha. Sijui kupika kidogo, sufuria bado imejaa. Njoo tule.

Kaka yako,
Didas